Barafu ya Hodhi la Punda

Kwetu, mtu akisema jambo lisiloingia akilini, mama alimjibu, "Hiyo tena barafu ya baba yenu." Ukimwambia mwalimu mkuu kakusifu mbele ya skuli nzima, barafu. Ukimwambia nyama imepanda bei, barafu, mpaka aende mwenyewe akaulize. Tulikua na neno hilo Unguja, tukahama nalo, na tulipofika Nizwa, karibu na mlima ule ule ambako maneno yote yalianzia, mama hakuliacha. Baba alikuwa akilisikia anatazama pembeni. Mie nikidhani keshalizoea.

Asili yake ni hii. Baba alizaliwa Birkat al Mauz, kijiji kilicho chini ya Jabal Akhdhar, na ami yake alikuwa akipandisha tende mlimani kwa punda na kushuka na makomamanga. Mwaka mmoja, wakati wa baridi, akamchukua baba, naye bado mtoto. Wakalala huko juu. Asubuhi wakawakuta punda wamesimama mbele ya hodhi lao, hawanywi. Baba akaenda kutazama, akakuta maji yamekuwa magumu. Hakuna mashine, hakuna kiwanda, ni maji tu yaliyolala nje. Akayapiga kwa kisigino mpaka yakavunjika, na yenyewe yakamkata. Kovu lile lilikuwepo chini ya kisigino cha mguu wa kulia, na mie nilipokuwa mdogo nilikuwa nikilipapasa kwa kidole huku ananihadithia. Sikuwahi kulitilia shaka. Ukishaligusa kovu, utakataa nini tena?

Lakini mie nilikuwa mtoto, na watoto huamini. Mama hakuamini. Yeye alikuwa binti wa mjini, wa watu wa nyumba za mawe na mabuibui ya hariri, na baba alikuwa Mmanga, Mwarabu wa Omani, aliyekuja na kikanzu chake akafungua kiduka cha mchele na mafuta ya taa. Vipi waliozeshwa ni hadithi nyingine. Baada ya harusi, siku moja baba akawahadithia wakwe zake kisa cha hodhi. Lo! Walicheka mpaka sahani zikasukumwa pembeni. Barafu Unguja ilijulikana ilikotoka: kiwandani, kwa vipande, ndani ya gunia na unga wa mbao. Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko wote, akamwuliza, "Na sharbati nayo, shemeji, huko kwenu inaota mitini?" Tangu siku ile ikawa ndiyo hiyo.

Ingekuwa ni utani tu, nisingekaa kuyaandika haya. Lakini mwaka mmoja kabla ya mambo ya sitini na nne, baba alirudi kutoka dukani jioni akamwambia mama, "Tuuze, tuondoke. Watu waliokuwa wakizungumza nami, sasa nikitokea wananyamaza." Mie nilikuwa namenya viazi pale pale. Mama hakuinua hata kichwa. Akasema, "Hiyo nayo barafu." Tukabaki. Yaliyokuja yakaja, na mjomba wangu, yule wa sharbati, baada ya siku zile hatukumwona tena, si yeye wala kaburi lake. Siyaelezi zaidi ya hapo.

Baba hakuwahi kusema, "Si nilikwambieni?" Hata siku moja. Na mama hakuwahi kulitaja neno lile la kuuza duka. Ila tulipohamia Nizwa ile barafu ya mlimani akazidi kuicheka, tena kicheko kikali ambacho Unguja hakuwa nacho. Ilinichukua miaka kuelewa. Akilikubali la barafu, ndiyo kalikubali na lile jingine, na lile jingine lilikuwa na ndugu yake ndani.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Mie nilikuwa nasomesha skuli ya wasichana, kaka yangu alikuwa fundi wa pampu za maji serikalini, ana Land Rover na ruhusa ya kupita kwenye kituo cha askari chini ya mlima, maana wakati ule hakuwa akipanda kila mtu. Baba moyo wake ulikuwa umeshachoka. Akienda msikitini akirudi, lazima akae barazani kwanza avute pumzi kabla ya kuvua viatu.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Ijumaa moja baba alirudi akatuambia kuwa amekutana na watu wa mlimani waliokuja kuuza mbuzi, wamemwambia huko juu maji yanaganda kila asubuhi. Alikuwa na furaha usoni. Mama alikuwa anapepeta mchele, akasema bila ya kusita, "Barafu!"

Baba akavua kilemba chake, akakiweka kwenye goti. Akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba yetu, "Basi wataileta. Watakuletea uione kwa macho yako, mama watoto, kabla sijafa." Mama akaacha kupepeta. Baba akatugeukia mie na kaka. Hakutuamrisha, alituomba, na baba kumwomba mwanawe kwetu si jambo jepesi. Akatueleza na pa kutazama: kijiji cha kwanza baada ya barabara kwisha, hodhi la punda, upande wa ukuta usiopigwa na jua.

Mama akaliacha la barafu, akashika la watu. "Mtoto wa kike kupanda majabali! Watu wa hapa washatusema vya kutosha. Watasema Wazinjibari hawana haya, mabinti zao wanarukaruka mlimani na mbuzi." Nikamwambia nakwenda na kaka yangu na shoga yangu mwalimu mwenzangu, kukosa haya kuko wapi? Shoga yangu huyo alikuwa amezaliwa Bujumbura, na baridi kwake, alivyokuwa akijigamba, si kitu. "Mimi nimekulia kwenye vilima, dada. Nyinyi watu wa pwani mkiona wingu mnajifunika blanketi."

Siku ya kwenda nilivaa nguo zote nilizokuwa nazo. Nilivaa gauni juu ya gauni, soksi za kaka, koti la baba lililonifika magotini, na kanga nimejifunga kichwani chini ya mtandio. Shoga yangu aliponiona alijishika mbavu. "Umekuwa kama gunia la mbata," akasema. Yeye alikuja na sweta moja la kusuka. Baba alitoka mpaka mlangoni na chupa ya chai mkononi, ile ya Kichina yenye maua mekundu, ya kuhifadhia moto. Kumbe alikuwa ameiosha mwenyewe. Akanambia, "Kama inazuia moto usitoke, itazuia na baridi. Izibe vizuri, mwanangu."

Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba, tukaondoka jua halijatoka. Tulipita Birkat al Mauz kwenye migomba na mitende yake, tukafika kwenye kizuizi cha askari. Askari akatuchungulia wanawake wawili nyuma, akamwuliza kaka tunakwenda kufanya nini. Kaka akasema, "Kutazama barafu." Askari akatikisa kichwa, akasema kwa Kiarabu kuwa watu waliotoka Afrika hawana kazi za kufanya, akafungua kizuizi.

Njia ile ilikuwa mawe matupu. Gari ilipanda pua juu kama inayotaka kuswali chali, na kila pembe tukiikata naona bonde liko chini ya tairi. Nilisoma kila sura niliyoihifadhi. Shoga yangu wa vilimani alikuwa amenishika mkono mpaka damu haipiti, na kila gari ikiteleza anaita, "Yebabawe! Breki, kaka, breki!" Kaka anacheka tu. Kisha njia ikaisha. Kulikuwa na maporomoko ya mvua yaliyoikata, na mbele ni kwa miguu.

Tuliposhuka, upepo ulinipiga kifuani nikahisi nimevuliwa zile nguo zote. Sweta la shoga yangu halikuwa na kazi, tukagawana koti la baba, mmoja mkono wa kushoto na mwengine wa kulia, mpaka tukaona hatuwezi kutembea. Tukawa tunapokezana. Tulipanda ngazi za mawe ambazo wenyewe wanapanda na mizigo kichwani, nasi tunasimama kila baada ya kitambo kidogo tukijidai tunatazama mandhari. Pumzi zetu zilitoka moshi. Shoga yangu akajifanya anavuta sigara, akamwomba kaka moto. Nakumbuka tulivyocheka. Katika siku ile yote, huo ndio wakati ninaotamani nirudishiwe.

Kijiji kilikuwa kimeng'ang'ania ukingoni mwa bonde, matuta ya makomamanga yamekauka majani, mawaridi ni vijiti tu. Hapakuwa na mtu nje. Tuliuzunguka ukuta wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili ukapigwa na jua. Wa tatu ulikuwa na kivuli, na chini yake hodhi la mawe, na punda wawili wamesimama mbele yake wakilitazama.

Hawanywi.

Mie nikapiga magoti nikaweka kiganja. Maji yalikuwa magumu, safi, na ndani yake jani moja la komamanga limenaswa, la manjano, unaliona mpaka mishipa yake. Kila kitu kilikuwa vile vile alivyokisema, mpaka punda. Nilimwamini tangu nina umri wa kuchezea kisigino chake, lakini kuamini ni jambo jengine na kuona ni jambo jengine. Nililia pale pale, na machozi yakanichoma mashavu kwa baridi. Shoga yangu akanambia, "Lia baadaye, dada, hii itayeyuka jua likigeuka." Kaka akainua mguu, akapiga kwa kisigino, kwa kiatu chake cha kazi. Ikavunjika. Kipande chenye jani tukakiingiza kwa wima kwenye chupa ya chai, kilipita kwa shida, na vyengine vidogo vidogo tukavisindilia pembeni. Nikaziba. Nikazungusha kanga juu yake, nikaiweka ndani ya kapu.

Hapo ndipo mlango ukafunguka, akatoka mwanamke wa makamo, nguo zake za rangi rangi, na shela ya sufu. Alipoona wageni wanatetemeka kwenye hodhi la punda wake alipiga kelele kana kwamba tumemtukana. "Tafadhalu! Tafadhalu!" yaani karibuni ndani. Tukamwambia tuna haraka. Hakusikia. Huko huwezi kupita mbele ya mlango wa mtu, tena kwenye baridi ile, usinywe kahawa. Mumewe akatokea, akamchukua kaka sabla, ndicho chumba cha wanaume. Sisi tukaingizwa jikoni, kwenye moto. Wallahi sijapata kukaa mahali pazuri kama pale. Akatupa tende, akatupa kokwa za jozi alizozivunja kwa jiwe, akatumiminia gahwa yenye iliki na marashi ya mawaridi wanayoyapika wenyewe. Kiarabu chake kilikuwa cha mlimani, na changu cha vitabuni, tukawa tunaelewana kwa kucheka.

Tulipotaka kuinuka, akalichukua kapu letu.

Sasa hapa, mtu ambaye hakulelewa nilivyolelewa mie atauliza, kwa nini hukutazama? Kwa sababu mtu akichukua kapu lako akutilie kitu, unageuza uso. Mama alitufunza hivyo kabla hatujajua kusoma. Kumkodolea macho mtu anayekupa ni uroho, na kufunua ulichopewa kabla hujafika kwako ni tusi. Nilijua anatutilia makomamanga, maana niliyaona yametundikwa darini. Basi nikageukia moto, nikaanza kumsifia kuta zake. Shoga yangu naye akageuka, kwani kwao Bujumbura mama yake alikuwa kamfunza yale yale. Tulisikia maji yakimwagwa, tukasikia mkwaruzo, hatukutazama. Alipoturudishia, kapu lilikuwa zito, tukamwombea dua tukatoka.

Njia nzima ya kushuka shoga yangu alilipakata kapu kama mtoto mchanga. Gari ikiruka, anamgombeza kaka, "Taratibu! Utaivunja barafu ya mzee!" Tulikuwa tunaimba. Kaka akawa anaigiza mama atakavyofanya akiiona: ataishika, ataipiga busu, ataomba radhi kwa Kiarabu fasihi.

Tulifika kabla ya magharibi. Nyumbani nikakuta viatu vya watu mlangoni. Baba alikuwa ameoga, kavaa kanzu mpya na kofia ya vito, na amewaalika majirani, wake kwa waume, wengi wao wa Unguja kama sisi, watu waliokuwa wakikijua kisa cha barafu tangu huko. Wanawake upande wa ndani pamoja na mama, wanaume barazani, na pazia katikati limefunguliwa. Mbele ya baba pana bakuli la kioo, lile la mama la sikukuu. Tangu tuje Omani sijamwona amekaa vile, mgongo umenyooka.

"Mmeipata?" akauliza.

"Tumeipata, baba. Ipo kama ulivyosema. Na punda walikuwepo."

Akamtazama mama. Mama alikuwa anacheza na upindo wa kanga yake, na niliona, kwa macho yangu, kuwa ana hofu. Baba akafungua chupa mwenyewe, polepole, akaiinamisha juu ya bakuli.

Ikatoka kahawa. Ya moto, inafuka moshi, na harufu ya iliki na mawaridi ikajaa nyumba nzima.

Kisha mama, na nadhani ile hofu ndiyo iliyomtoka kwa njia ile, akasema, "Khe! Bwana, barafu yako imeiva!"

Jamani, walicheka. Walicheka watu mpaka mmoja akatoka nje. Mie nikapiga kelele kuwa tumeiona, tumeishika, ilikuwa na jani ndani, yule mwanamke ndiye kaimwaga. Shoga yangu akaapa kwa Mungu. Kaka akaapa. Mama akafuta machozi ya kicheko, akasema, "Nyinyi damu yake, mtasema nini? Na huyu mwengine mmemhonga koti." Nikahisi nataka kulivunja lile bakuli.

Baba hakukasirika, na laiti angekasirika. Alisubiri watu watulie. Akaomba vikombe. Akaanza kuwamiminia kahawa, mmoja mmoja kwa mkono wake, akianza na mama, akisema karibuni, karibuni, kahawa ya Jabal hii, hamtaipata sokoni. Yeye hakunywa. Walipokwisha kuondoka akanishika bega, akanambia, "Umeiona lakini?" Nikamwambia, "Nimeiona, baba." Akasema, "Inatosha." Haikutosha, na yeye alijua kuwa haikutosha. Tukapanga kurudi wiki ya pili, mvua ikaibeba njia yote, na baridi ikaisha.

Baba alifariki kiangazi kilichofuata.

Mama alikuwa bado yumo edani, hatoki wala haonekani na wanaume, makomamanga yalipoanza kushuka kutoka mlimani. Siku moja mtu akabisha hodi. Alikuwa mwenyeji wetu, mume wa yule mwanamke. Alikuwa amemwuliza kaka kazi yake siku ile sablani, basi akatafuta mpaka akaipata nyumba ya fundi wa pampu. Katuletea kapu la makomamanga kutoka kwa mkewe. Alipoambiwa kuna msiba alisikitika, akaketi barazani na kaka, akasoma dua. Mie nilikuwa nyuma ya pazia na mama. Kisha, ili kumchangamsha kaka, akasema mkewe mpaka leo anacheka akitukumbuka. "Mabinti wa watu wazuri, anasema, chupa yao wameijaza barafu ya punda! Na majani ndani! Akaona aibu wageni watoke kwake na uchafu ule, akaimwaga, akaisugua kwa majivu, akawatilia gahwa." Kaka akamwuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Kwani maji yanaganda huko kwenu?" Yule bwana akashangaa. "Kila baridi. Wewe si umeona? Tunayavunja kwa kisigino ili punda wanywe."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameliegemeza paji la uso kwenye pazia. Chakula cha usiku hakula, na kesho yake hakula. Siku ya tatu akanambia, "Eda ikiisha, nipelekeni."

Ungedhani ni jambo la wiki mbili. Lakini kaka akahamishiwa Sur, njia ikakaa mbovu, baridi moja ikapita vuguvugu, nyingine mama magoti yakamkatalia. Kila msimu akiuliza. Na neno barafu halikutamkwa tena ndani ya nyumba ile. Hata akitaka kipande cha kutia kwenye maji, alisema, "Nitilie ile."

Tulimpandisha katikati ya miaka ya themanini. Gari ilifika karibu na kijiji, iliyobaki tulimshika mie huku na kaka kule. Yule mwanamke wa mlimani alikuwa ameshahamia kwa mwanawe Nizwa, nyumba imefungwa, lakini hodhi lilikuwepo, na punda mmoja, na maji yameganda. Mama akasimama mbele yake. Akaweka mkono, akauacha pale mpaka ukawa mwekundu, nikamwambia, "Mama, utaumia." Hakuuondoa. Kisha akavua kiatu chake, akasema, "Nishikeni." Tulimshika makwapani, na mama yangu, bibi mzima wa mjini, akainua mguu mtupu, akapiga kwa kisigino. Alipiga tena na tena, kwa nguvu zake zile kidogo, na kila akipiga analia, mpaka pembe moja ikakatika.

Akaitoa mkobani chupa ya Kichina ya maua mekundu. Sikujua kuwa ameichukua.

Safari hii hatukunywa kahawa kwa mtu. Tulifika na barafu yetu nzima. Mama akalitoa bakuli la kioo, akaimimina, akawaita majirani, wale wale waliokuwa bado hai, na wake za watoto wao na wajukuu. Akawaambia, "Mzee wangu alikuwa mkweli. Hii ni barafu ya mlimani. Hakuna mashine iliyoifanya, nimeivunja kwa mguu wangu."

Watu wakatazamana. Wakati ule kila nyumba ilikuwa na umeme na friza, na watoto mikononi wanalamba barafu za rangi. Mke wa mmoja wa vijana, msichana mzuri, hana ubaya wowote, akacheka akasema, "Bibi, hii si hata kwetu ipo? Nenda kafungue friza uone." Wote wakacheka naye. Si kwa dharau, ni kile kicheko wanachochekewa wazee. Mmoja wa wale wa zamani akasema, "Masikini, naye keshaanza mambo ya marehemu."

Mama hakubisha. Akanambia nilete kahawa. Akawamiminia mmoja mmoja, kwa mkono wake, karibuni, karibuni. Walipoondoka, tukabaki mie na yeye na lile bakuli, na barafu imekuwa maji. Nikamshika mkono, ulikuwa bado baridi. Nikamwambia, "Wacha wacheke, mama. Mie nakuamini."

Akautoa mkono wake taratibu.

"Wewe ulikuwa ukimwamini tangu mdogo," akasema. "Hakukuwa na haja ya wewe. Alikuwa akinitaka mimi."